Ijumaa za Boti ya Terna

Jumatatu, 10 Januari 1966
Edvin kaondoka asubuhi na boti tano za hapa Skarvnes kwenda kuvua chewa kaskazini. Hatuonani tena hadi karibu na Pasaka. Kila mwaka siku hii nyumba hunipwaya. Gunnvor naye kapanda Terna kurudi shuleni Sandvær. Analala bweni huko mpaka Ijumaa, kama watoto wote wakubwa wa upande huu wa ghuba. Nimebaki na ubao wa kuunganisha simu sebuleni, laini sitini na tatu, na paka. Nimeamua kuandika kidogo kidogo, nisije nikazoea kuzungumza na paka.

Jumanne, 11 Januari
Upepo wa kusini-magharibi. Simu arobaini na mbili, nyingi za wake kuulizana kama boti zimefika. Hazijafika.

Alhamisi, 13 Januari
Leo nimesikia nisichopaswa kusikia.

Barafu ilikuwa imening'inia kwenye nyaya na laini ya mjini ilikuwa ikikatika ovyo. Saa nne shemeji yangu Hallvard, mume wa dada yangu Ingrun na nahodha wa Terna, aliomba nimuunganishe na daktari wa macho. Nikamuunganisha. Baada ya dakika mbili nikafungua kitufe kuangalia kama laini bado ipo, maana hiyo ndiyo kazi yangu, na daktari alikuwa akisema kwa sauti ya kupaza: "Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Narudia, nahodha: usishike tena usukani wa chombo chenye watu. Hata kesho usishike."

Nikafunga kitufe. Kibati cha laini nyingine kilikuwa kimeanguka, mtu anapiga, nami nimekaa nakitazama tu kama sijawahi kukiona.

Miaka kumi na minne iliyopita niliapa mbele ya mkaguzi kwamba lolote litakalopita kwenye ubao wangu halitatoka kinywani mwangu. Nimeyabeba ya watu mengi tangu siku ile: mimba, ugomvi, urithi, barua za mapenzi zisizoandikwa. Hayakunielemea. Hili lina uzito mwingine. Kila Ijumaa Hallvard huwaleta nyumbani watoto wetu kumi na mmoja, mwendo wa saa mbili katikati ya miamba.

Ijumaa, 14 Januari
Bahari shwari. Terna imefika saa kumi na dakika kumi. Gunnvor mzima, ana njaa ya mbwa mwitu. Hallvard alipotia sahihi risiti ya mifuko ya barua, nusu ya jina lake iliishia mezani, nje ya karatasi. Akacheka, akasema kalamu zimeharibika siku hizi.

Jumatatu, 17 Januari
Theluji. Gunnvor kaenda. Sikula mpaka mwenye ghati wa Sandvær alipopiga kusema wamefika.

Jumatano, 19 Januari
Hallvard alileta barua mwenyewe, nikamkaribisha kahawa. Nilingoja akae.

"Shemeji," nikamwambia, "macho yako yakoje?"

Kikombe kilisimama katikati ya njia. "Macho yangu? Yako mahali pake, moja kila upande wa pua."

"Nakuuliza kweli."

"Nani kakwambia?"

Akauangalia ubao wangu, au upande ulipo ubao. Sauti yake ikashuka.

"Kwa hiyo siku hizi unasikiliza."

"Nilikuwa naangalia laini. Nilisikia maneno mawili tu."

"Mawili yanatosha kukufukuzisha kazi, Aslaug. Una habari?"

"Ninayo."

"Basi nisikilize vizuri. Wanaume wote wenye cheti wako kwenye chewa. Nikishuka mimi leo, Terna inafungwa kamba kesho. Na wakubwa wa mkoa wanangoja hilo kwa hamu, wapate kusema njia hii haina haja. Hapo maziwa yatakwenda na nini? Mkunga atakuja na nini? Au utamwogelesha?" Akasimama, akaipapasa kofia yake. "Njia ile naijua kama ulimi unavyoyajua meno. Mpaka Pasaka tu. Watu wakirudi, nashuka mwenyewe, kwa heshima yangu."

"Na watoto?"

"Nimewahi kumwangusha nani?"

Hakumaliza kahawa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipobaki peke yangu nililiona neno lake lina mantiki.

Ijumaa, 21 Januari
Utabiri ulikuwa mbaya. Nilipiga bwenini nikamwambia matroni Gunnvor ana kikohozi, heri abaki huko Jumamosi na Jumapili. Gunnvor hana kikohozi. Terna imefika salama ikiwa na watoto kumi.

Borghild, jirani yangu, ana wawili ndani ya boti ile, Sivert na Magnhild. Mdomo wake haufungwi na kofuli. Alinikuta ghatini. "Wako yuko wapi?"

"Anakohoa."

"Pole. Hewa ya bwenini ile! Mimi ningemleta nyumbani apate ini la chewa na mchuzi wake. Mtoto haponi mbali na mama yake, bibi wee." Kisha akawakumbatia wanawe wote wawili kwa mkupuo mmoja, na mimi nikaangalia pembeni.

Jumapili, 23 Januari
Sikuenda kanisani. Ningekaa na Borghild benchi moja.

Jumanne, 25 Januari
Chewa ni wengi, anasema Edvin. Simu ya dakika tatu, na watu wanane nyuma yake kwenye foleni. Nilitaka kumwambia. Laini ya kule hupita kwenye mbao nne, na kila ubao una mwanamke kama mimi.

Ijumaa, 28 Januari
"Kikohozi" tena. Gunnvor kalia kwenye simu: "Mama, nimekukosea nini?" Nilimwambia hajanikosea. Akakata.

Jumatano, 2 Februari
Ingrun kanishikia ubao, maana ndiye msaidizi wangu tangu zamani. Nikapanda Terna mpaka Buvik na kurudi, kwa kisingizio cha kununua sufu. Dada yangu hajui lolote. Alinifungia mkate na jibini, akasema, "Msalimie nahodha wangu, mwambie asisahau skafu."

Nilikaa nyuma ya usukani, karibu na mlango. Torgeir, baharia wa Terna, ni mtu ambaye sikuwahi kumpenda. Miaka ishirini anapiga domo ndani ya kile chumba cha usukani, utani juu ya utani, huwezi kusikia hata injini. Leo, tukirudi, nilimsikiliza.

"Lo, huyo pale mama Petra, kulia kwetu, bado hajabadilisha lile pazia baya! ... Haya, Kikongwe wetu anatoa kichwa, mbele kidogo kushoto, leo kavaa kilemba cheupe ... Sasa namwona kondoo wa Skarvnes, yule wa ukingoni, mnene kama askofu."

Abiria wakacheka. Hallvard alizungusha usukani kidogo kulia, baadaye kidogo kushoto, macho yametulia mbele kama ya mtu anayesali. Pazia, Kikongwe, kondoo. Kikongwe ni ule mwamba ulioua watu kabla sijazaliwa. Kumbe kila utani ni alama ya njia. Torgeir anamwazima macho, na anafanya hivyo kwa namna ambayo hakuna abiria atakayegutuka.

Nilimngoja ghatini. "Tangu lini?" nikamuuliza.

Akatazama huku na huku. Bila utani uso wake ulikuwa wa mzee. "Tangu Septemba. Na wewe?"

"Mwezi uliopita."

"Basi tuko wawili," akasema. "Usiniangalie hivyo, mama. Mimi sina cheti, lakini macho ninayo. Yeye macho hana, lakini njia anayo. Ukituunganisha anapatikana nahodha mmoja mzima."

Nilirudi nyumbani moyo umepungua uzito. Pia nimeona haya kwa yote niliyomfikiria mtu huyu miaka ishirini.

Ijumaa, 4 Februari
Gunnvor kaja nyumbani. Siwezi kumficha wangu na kuwaacha wa wenzangu. Kanuna mpaka nikampikia mayai ya chewa.

Ijumaa, 11 Februari
Salama.

Jumatatu, 14 Februari
Baridi nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Ghati limevaa barafu kama kioo. Watoto wamekwenda.

Jumamosi, 19 Februari
Naandika ya jana.

Jana saa tisa na robo mchana mwenye ghati wa Sandvær alipiga. Alitaka kuzungumza na mke wa Torgeir. Nikamwambia hayupo, yuko kwa dada yake, je, nimpelekee ujumbe?

"Mwambie mumewe kateleza hapa na mapipa ya maziwa. Mguu umevunjika, yuko kwa daktari. Asiogope, anatukana vizuri tu."

"Na Terna?"

"Imeondoka zamani. Hallvard kasema watoto wanangojwa na mama zao."

"Peke yake?"

"Na watoto kumi na mmoja. Kwani vipi?"

Nikatazama dirishani. Upande wa bahari ulikuwa mweupe, hakuna kisiwa wala mbingu. Theluji ilikuwa inakuja ikilala ubavu.

Nilipiga stesheni ya redio ya pwani, ile inayounganisha simu na meli, nikaomba Terna. Mara tatu yule bwana wa redio alisema Hallvard hajibu. Nilimwambia, "Endelea kumwita. Usiache." Na wakati ule akiita, nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika miaka kumi na minne. Nikachomeka plagi zote za laini za ufukweni, moja baada ya nyingine, nikauzungusha mkono wa kengele, mlio mmoja mrefu, mrefu, usiokuwa wa nyumba yoyote. Ule ni mlio wa moto. Vipokezi vikainuliwa pwani nzima. Nilisikia pumzi zao.

"Ni Aslaug," nikasema. "Terna iko njiani na watoto wote. Torgeir hayumo, kavunjika mguu. Hallvard yuko peke yake, na Hallvard haoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nendeni madirishani. Anayeiona taa ya boti aseme iko wapi."

Dada yangu, kwenye laini yake, akasema polepole, "Unasema nini wewe, Aslaug?"

"Ingrun, nitakueleza. Sasa angalia nje."

Hapo yule bwana wa redio akaingia: "Terna inajibu. Ongea."

"Shemeji," nikasema, "uko wapi?"

Mkwaruzo, kisha sauti yake. "Nipo njiani. Acha laini, nina kazi."

"Unaona nini mbele yako?"

"Theluji. Kila mtu anaona theluji."

"Hallvard. Pwani nzima iko kwenye simu na nimewaambia. Aibu imeshapita, imebaki njia. Unaona nini?"

Redio ilikwaruza muda mrefu. Nilifikiri amezima.

"Meupe," akasema. "Naona meupe tu. Sijui kama nimeshapita Buvik."

Petra wa Buvik, mwenye lile pazia, akadakia: "Hajapita! Naisikia injini yake, yuko chini ya nyumba yangu, karibu mno, nasikia na watoto wanaimba!"

Nikampelekea: "Uko chini kwa Petra, karibu mno. Toka, elekea kushoto." Mwanamke mmoja anaona, mimi nasema, bwana wa redio anafungua njia, Hallvard anageuza. Petra akasema, "Anatoka. Anatoka. Simwoni tena." Kisha dakika saba ambazo hakuna aliyeona kitu, na kati ya Buvik na hapa ndipo alipo Kikongwe.

Nilimwambia amlete Gunnvor chumba cha usukani. Nikasikia sauti ya mwanangu, nyembamba: "Mama?"

"Simama karibu na baba mdogo. Ukiona cheusi chochote, au povu, sema. Usingoje kuwa na hakika."

"Anatetemeka, mama."

"Mshike mkono wa koti. Mkono wa koti, siyo wa usukani."

Borghild ndiye aliyeiona tena. Nyumba yake iko juu kabisa rasini. Mwanamke yule ambaye hajawahi kusema jambo kwa maneno machache alisema: "Taa. Kusini ya Kikongwe. Anamwendea."

"Una hakika?"

"Wanangu wamo. Anamwendea."

"Hallvard, rudi nyuma! Nyuma kwa nguvu zote!"

Tulisikia kwenye redio injini ikinguruma na watoto wakipiga kelele, na sauti ya Gunnvor juu ya zote: "Povu! Povu, baba mdogo, hapo hapo!" Halafu mlio kama wa meza nzito inayoburutwa sakafuni. Ingrun alikuwa anasali kwenye simu, sala ya chakula, nadhani hakupata nyingine.

"Tumekwaruza," Hallvard akasema. "Tumekwaruza, lakini tunaelea. Niambieni niende wapi."

Akasema *niambieni*. Tukamwambia. Borghild alimtazama, mimi nikasema, hatua kwa hatua, kulia, kulia kidogo, sasa moja kwa moja. Saa kumi na moja kasorobo niliisikia honi kwa masikio yangu mwenyewe, bila simu. Sikuweza kushuka ghatini. Ubao hauachwi.

Gunnvor aliingia na theluji mpaka kwenye kope. Alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa magotini mwangu, nami nikaendelea kuchomoa plagi moja moja.

Jumapili, 20 Februari
Borghild alipiga asubuhi. Nilidhani anataka laini.

"Umenipa wanangu," akasema. "Nimelala nikilitamka hilo. Lakini kuna neno moja limeniamsha. Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu juzi.

"Tangu tarehe kumi na tatu Januari."

"Kile kikohozi cha Gunnvor."

"Ndiyo."

Alikata. Hakubamiza, alikiweka kipokezi chini taratibu.

Jumatatu, 21 Februari
Hallvard mwenyewe kakabidhi cheti chake kwa polisi, bila kuitwa. Terna imefungwa kamba, ubavu umechubuka mpaka kwenye mbao. Watoto hawakwenda shule.

Jumatano, 23 Februari
Hakuna boti. Maziwa tumewapa ndama.

Ijumaa, 25 Februari
Ingrun kaja. Hakuvua koti. "Kama ungeniambia mimi, mkewe, ningemfunga kamba kitandani," akasema. "Nimejua siku moja na pwani nzima. Na siku ile uliyokwenda kununua sufu, mimi ndiye nilikushikia ubao."

"Niliapa, Ingrun."

"Uliapa. Na Gunnvor ulimficha kwa kiapo kipi?"

Amesema hatanishikia ubao tena.

Jumanne, 8 Machi
Wakubwa wa mkoa wameleta boti ndogo na nahodha kijana wa kusini, mara mbili kwa wiki. Walitaka iwe mara moja. Borghild na Petra walikusanya sahihi nyumba kwa nyumba, wakiteleza kwa skii, sahihi mia moja na kumi na nane. Hawakuja kwangu. Nilijua kwa sababu simu zote zilipita hapa.

Alhamisi, 17 Machi
Mkaguzi wa simu kafika. Mtu mpole, viatu vyembamba. Aliuliza kama nilisikiliza mazungumzo ya mteja na kuyatangaza. Nikasema ndiyo, kwa yote mawili. Akauliza kama nina la kujitetea.

"Sina la kutetea siku niliyosema," nikamjibu. "Nina la kujutia siku nilizonyamaza, lakini hizo hamna kanuni yake."

Aliandika kwa muda mrefu.

Jumatano, 30 Machi
Barua. Nafasi yangu inakoma tarehe thelathini Aprili.

Jumanne, 5 Aprili
Edvin karudi, kakonda, ananuka chumvi. Nilimweleza yote mezani. Alikata mkate vipande, hakula. "Ningekuwa mimi ningefanya nini?" akasema, kama anayemuuliza mkate. Baadaye akaenda kumsaidia Torgeir kupasua kuni, maana mguu bado.

Jumatano, 13 Aprili
Leo Hallvard kaenda mjini kupasuliwa macho. Ameondoka na boti ya yule kijana, kama mzigo, alivyosema mwenyewe. Watu walishuka ghatini, wanaume waliorudi na wanawake wote. Kulikuwa na jua, na theluji inayochuruzika kwenye paa la ghala. Nami nilishuka, nikasimama mwisho, karibu na ngazi, kwa sababu hakuna aliyenisogezea nafasi kwingine.

Alikuja ameshikwa mkono na Ingrun, kofia mkononi. Watu wakanyamaza, na ukimya ule kwa mtu asiyeona ni kama ukuta. Akasimama katikati, hajui ana nani mbele yake.

Hapo Borghild akasema, "Borghild, nahodha. Niko na Sivert na Magnhild."

"Petra wa Buvik," mwingine akasema. "Nimebadilisha pazia."

Wakacheka kidogo, naye akacheka. Kisha Torgeir na magongo yake, kisha Edvin, kisha wote, mmoja mmoja, kila aliyepitiwa akataja jina lake, wazee kwa watoto, na Hallvard akiitikia kwa kichwa kwa kila jina. Gunnvor alipojitaja, Hallvard alimpapasa shavu. Walikuja hivyo mpaka mwisho wa safu. Zamu yangu ilipofika, Ingrun alikuwa anatazama maji.

"Aslaug," nikasema.

Akasimama. "Wewe huna haja ya kujitaja," akasema. "Sauti yako naisikia hata nikilala." Kisha, chini chini, nisikie mimi na Ingrun tu: "Siku ile ya kahawa. Ungeniambia kwa ukali zaidi."

"Ningekuambia. Na ungesikia?"

Alifikiri. "Hapana," akasema.

Aliutafuta mkono wangu apande ngazi. Ingrun aliuachia ule aliokuwa ameushika yeye, akanipisha, wala hakunitazama. Nilimpandisha hatua nne mpaka ndani, nikaweka kiganja chake kwenye reli, nikashuka.

Njiani kurudi Borghild alitembea mbele yangu, na pale njia inapokuwa nyembamba kwenye barafu aligeuka akangoja mpaka nikapita. Hakusema neno. Kwa Borghild hilo si dogo, lakini sitalifanya kuwa kubwa kuliko lilivyo.

Nilipofungua mlango vibati vitatu vilikuwa vimeanguka. Nikavua glavu, nikakaa, nikachukua laini ya kwanza. Ubao huu ni wangu siku kumi na saba zaidi.